Somo: Kuzisoma seli za kinga ndani ya saratani ya ngozi

Wanafunzi wanaopita maabara yetu hapa Mwanza huniuliza swali lile lile kila wiki, nami nimeamua kulijibu kwa maandishi: ikiwa limfosaiti, yaani seli nyeupe za kinga, zimejaa kwenye slaidi, mbona uvimbe unazidi kukua?

Hatua ya 1. Kipande cha uvimbe kikae kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) isiyopungua mara 10 ya ujazo wake.

Hatua ya 2. Anza na lenzi ndogo, utafute ukingo wa uvimbe.

Hatua ya 3. Panda hadi lenzi ya 40. Limfosaiti zilizozunguka mishipa ya damu usizihesabu. Hesabu zile zilizopenya katikati ya seli za saratani na kuzigusa.

Hatua ya 4. Paka kingamwili ya CD8, alama iliyo juu ya seli T zenye kuua (aina ya limfosaiti), ili zijitokeze kwa rangi ya kahawia. Hapa ndipo nilipokosea. Nililetewa melanoma (saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi) nyeusi tii kutoka kwenye wayo wa mvuvi, nikaona seli za kahawia zimetapakaa, nikaandika kwamba kinga imeingia kwa wingi. Msimamizi wangu alipoitaka slaidi ya kulinganishia, isiyopakwa kingamwili, ukahawia ulikuwamo vilevile: nilikuwa nimehesabu makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza mabaki, zilizomeza melanini, ile rangi ya ngozi. Tazama kwa makini, kwa maana CD8 huchora pete ukingoni mwa seli, ilhali melanini ni punje zilizorundikana ndani yake. Kwenye melanoma tumia rangi nyekundu, wala usihesabu chochote kabla slaidi ya kulinganishia haijawa mezani.

Hatua ya 5. Seli T inapoitambua saratani hutoa interferoni gama, kemikali ya kinga, na seli ya saratani hujibu kwa kuvaa protini ya PD-L1, ambayo ikishikana na protini ya PD-1 iliyo juu ya seli T huizima seli T hiyo. Kwa hiyo kuwepo kwa seli T si kufanya kazi kwake, na ndiyo maana uvimbe unaweza kuzidi kukua. Aliyeigundua PD-1 ni Tasuku Honjo, aliyetunukiwa Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison.

MASWALI

Slaidi yangu ni kahawia tupu. Nihesabu tu?
— Rudia hatua ya 4. Hukutaja slaidi ya kulinganishia.

Shikamoo mwalimu. Nina saratani ya skwamasi (seli bapa za ngozi) ya mtu mwenye ualbino kutoka Ukerewe, nayo ina kidonda. Neutrofili (seli nyeupe za kinga za aina nyingine) zilizojaa chini ya kidonda zinapigana na saratani?
— Marahaba. Umeuliza vema. Mara nyingi hizo zimefuata bakteria na tishu iliyokufa, kwa hiyo sogea mbali na kidonda, usome ukingo unaochimba chini. Melanini haitakusumbua sana, lakini damu iliyovuja huacha hemosiderini, chembe zenye chuma cha damu, ambayo nayo ni ya kahawia.

Ahsante. Vipande vyangu hubanduka wakati wa kuchemsha slaidi kabla ya kupaka kingamwili.
— Kata mikroni 3 hadi 4, tumia slaidi zenye chaji ya umeme inayoshika tishu, kisha uzikaushe kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa nzima.