Jinsi ya kusuka tus, mtungi wa maji wa wanawake wa Apache

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika maeneo waliyotengewa Waapache, wenyeji wa asili wa Marekani, huko San Carlos na Fort Apache, Arizona, mwanamke ndiye aliyejenga kibanda, akaokota mbegu za mwaloni, akachoma agave, mmea wa jamii ya mkonge, shimoni na kuteka maji. Mtungi wa maji alijisukia mwenyewe. Ndoo za bati zilikuwapo, lakini tus ni nyepesi, tena ikianguka haivunjiki. Mimi ni msusi, na kazi hii naiheshimu kuliko vikapu vingi vya mapambo.

Hatua ya 1: Fito. Tafuta fito changa zilizonyooka za kichaka cha jamii ya Rhus, au za mforosadi. Bambua gome. Baadhi ziache nzima ziwe mihimili. Nyingine zipasue vipande vitatu viwe nyuzi, ncha moja umeiuma kwa meno, mbili ziko mikononi. Ziloweke zilainike.

Hatua ya 2: Kusuka. Pishanisha mihimili upate kitako, kisha pitisha nyuzi mbilimbili huku ukizisokota kwenye kila mhimili. Panua tumbo, halafu bana shingo ili maji yasimwagike njiani. Mabegani funga vishikio vya mti au ngozi sasa hivi, kabla ya ulimbo.

Hatua ya 3: Kuziba. Hapa wengi hupita haraka, na hapa ndipo mtungi unapopona au kuharibika. Ponda majani ya junipa, ndugu wa mtarakwa wetu, uchanganye na udongo mwekundu. Sugua mchanganyiko huo kwa kiganja nje kote hadi matundu yajae na uso uwe laini. Ulimbo peke yake hauzibi tundu kubwa. Unahitaji kitu cha kushika.

Hatua ya 4: Ulimbo. Kusanya utomvu wa msonobari wa pinyoni, uuyeyushe, uchuje takataka. Fanya nje, kwa makaa machache, mfuniko uwe karibu: ulimbo ukiwaka, funika, usimwagie maji kamwe. Usiuache uchemke sana, maana ukipoa utapasukapasuka. Mimina ndani, tumbukiza vijiwe vya moto, zungusha mtungi bila kusita ili ulimbo uenee hadi kwenye kona za kitako, kisha vitoe vijiwe. Nje pakaza kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, ukilikalafati kila jicho la msuko.

Hatua ya 5: Kubeba. Pitisha ukanda kwenye vishikio. Mtungi hukaa mgongoni, ukanda kwenye paji la uso au kifuani. Lita 10 ni kilo 10 za maji, basi pima ukubwa kwa mgongo wa atakayebeba.

Jaza maji, uache usiku kucha. Asubuhi papasa nje. Penye unyevu kausha, kisha tia tone la ulimbo wa moto. Maji ya mara za kwanza yatanukia msonobari. Bonge la ulimbo lililobaki litunze, kwa sababu tus itumikayo huhitaji kuzibwa upya kila mara.