Kabla ya kusimamisha mashine pepe: saa, mlinzi na umeme

Chukua ofisi ya wakala wa forodha jirani na bandari ya Tanga: seva moja, mashine pepe tatu (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva) za KVM, mfumo wa Linux wa kuziendesha, na UPS, betri ya akiba, chini ya meza. Kabla fundi hajaandika `virsh suspend`, amri ya kusimamisha mashine pepe, ajue kwamba amri hiyo haihifadhi kitu. Mashine inaganda tu, na kila ilichokuwa inafanya kimebaki kwenye RAM ya seva, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. UPS ikiisha kabla umeme haujarudi, vyote vimekwenda. Anayehofia umeme atumie `virsh managedsave`, inayoandika RAM hiyo kwenye diski, na apime nafasi ya diski mapema.

Kisha saa, ambayo ndiyo huleta kero nyingi. Ndani ya mashine pepe soma faili `/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource`, linalotaja chanzo cha saa yake. Likisema kvm-clock, saa husimama pamoja na mashine: igandishe saa nane mchana, iamshe saa tisa kasorobo, yenyewe itaamini bado ni saa nane. (Logi itaandika 14:00, basi usiitafute 8:00.) Likisema tsc, kihesabu cha prosesa hakisimami, na muda huruka mbele mashine inapoamka.

Kubaki nyuma dakika 45 si jambo dogo. Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji kwenye mtandao, kwa kawaida hugoma tofauti ikizidi dakika 5, na namba za siri za sekunde 30 za kwenye simu hukataliwa. Chrony, programu ya kusahihisha saa kupitia mtandao, nayo mara nyingi huja na mpangilio `makestep 1 3`: inarusha saa kwenye masahihisho 3 ya mwanzo tu, baadaye inaivuta taratibu. Kasi yake ya juu ya kawaida ni sekunde 1 kwa kila 12, hivyo dakika 45 zitakula saa 9 nzima. Weka `makestep 1 -1`, ili irushe saa wakati wowote. Au sakinisha qemu-guest-agent, programu inayopokea maagizo ya seva, ndani ya mashine, na ukishaiamsha piga `virsh domtime jina --now`.

Sasa mlinzi wa kerneli (watchdog), sehemu ya kiini cha Linux ndani ya mashine pepe inayochunga prosesa isikwame. Kipimo chake, `kernel.watchdog_thresh`, huwa sekunde 10, na onyo la "soft lockup" hutoka prosesa ikionekana kukwama mara mbili ya hapo, yaani sekunde 20. Seva ya KVM humwashiria mlinzi kwamba mashine ilisimamishwa, naye hunyamaza. Lakini ishara hiyo hupitia kvmclock, saa ileile ya kvm-clock, kwa hiyo aliyewasha mashine kwa chaguo la kuizima, `no-kvmclock`, ameikata mwenyewe. Hakikisha pia `kernel.softlockup_panic` ni 0, la sivyo onyo la uongo litaiangusha mashine nzima. Kumzima mlinzi kabisa sikushauri.

Onyo likitoka mara moja, sekunde ileile mashine ilipoamka, liache. Likijirudia bila mtu kusimamisha kitu, ndani ya mashine fungua `top` utazame namba ya st, yaani muda ambao mashine ilisubiri prosesa ya seva: ikiwa juu, mashine pepe zinagombania prosesa za seva.