Mazabodi Haiwaki: Ipime Kwanza, Kisha Dai Pesa Yako

Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona alama nyeusi kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), chomoa waya wa ukutani na usiwashe tena. Bodi yenye shoti inaweza kuua prosesa au RAM iliyokuwa nzima. Piga picha kila kitu kilivyo kabla hujalegeza skrubu hata moja.

Kama hakuna dalili hizo, usikimbilie kudai. Si ajabu bodi isiyo na ubovu kurudishwa dukani kwa sababu tu waya wa umeme wa prosesa haukuchomekwa. Ule wa pini 24 kila mtu anaukumbuka. Unaosahaulika ni wa pini 8, unaoingia juu karibu na prosesa. Bila huo feni huzunguka vizuri tu, lakini skrini inabaki giza.

Itoe bodi kwenye keisi, uiweke juu ya boksi lake la karatasi. Usiiweke juu ya mfuko wake wa kijivu, maana upande wa nje wa mfuko huo unaweza kupitisha umeme. Bakiza prosesa na feni yake, RAM moja, powasaplai (kisanduku kinacholisha kompyuta umeme) na skrini. Prosesa isiyo na grafiki za ndani itahitaji pia kadi ya grafiki. RAM moja kwa kawaida hukaa sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, ila kitabu cha bodi ndicho chenye neno la mwisho. Gusanisha pini mbili za swichi ya kuwashia kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu. Ikiwaka hapo, bodi ni nzima. Rudi ukague vinguzo vya shaba ndani ya keisi (vile vifupi vinavyoishikilia bodi juu ya bati), kwa sababu kinguzo kilichofungwa mahali pasipo na tundu la bodi hugusa sehemu zilizolehemiwa kwa chini na kuleta shoti.

Inayofuata ni powasaplai. Chomoa plagi ya pini 24 kwenye bodi, unganisha pini ya 16 na ya 17 (kijani na nyeusi kwenye waya za rangi), kisha pima kwa multimita. Njano isome kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, na chungwa 3.14 hadi 3.47. Vipimo vizuri hapa havimalizi kesi, kwa kuwa powasaplai mbovu inaweza kusoma sawa ikiwa haina mzigo, kisha ikaanguka ikipewa kazi. Ukipata nyingine ya kujaribia, tumia na nyaya zake zenyewe. Nyaya za kuchomoka za powasaplai moja hazifai kwa nyingine hata kama plagi inaingia: mpangilio wa pini upande wa powasaplai hauna kanuni moja, na hapo ndipo bodi nzima huunguzwa kweli.

Ondoa betri bapa ya CR2032 iliyo kwenye bodi kwa dakika 5, umeme ukiwa umechomolewa, ili mipangilio ya BIOS (programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta) ijifute. Ukiwasha, angalia taa ndogo za CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia) kama bodi inazo. Inayobaki imewaka ndiyo inaonyesha ilipokwama. Kwa RAM za aina ya DDR5 vuta subira: mara ya kwanza bodi inaweza kukaa dakika kadhaa bila picha ikizizoea. Pia prosesa mpya kuliko BIOS ya bodi haitawaka mpaka BIOS isasishwe, na huo si ubovu.

Sasa soketi, yaani kikalio cha prosesa, mahali ambapo madai mengi hufia. Soketi ya LGA1700 (ya prosesa za Intel) ina pini 1700 na ya AM5 (ya AMD) ina 1718, zote nyembamba kama unywele. Mulika tochi ya simu kwa ubavu: pini za eneo moja hulala upande mmoja, na iliyopinda hung'aa tofauti na wenzake. Usiinyooshe kwa sindano, maana alama zitaonekana. Na kama uliipinda wewe, sema hivyo na uulize gharama ya matengenezo. Waranti kwa kawaida haihusu jambo hilo.

Anza na muuzaji, si kiwanda. Muuzaji anaweza kurudisha pesa ndani ya muda wa kurejesha bidhaa, ilhali kiwanda mara nyingi hutengeneza au hubadilisha, pengine kwa bodi iliyokwisha kutengenezwa. Muda huo hausubiri vipimo vyako, kwa hiyo andika mapema:

"Bodi (modeli, siriali namba), risiti namba fulani, haiwaki. Nimeijaribu nje ya keisi kwa powasaplai mbili. Taa ya DRAM haizimi katika sloti zote nne, na RAM hiyohiyo inafanya kazi kwenye kompyuta nyingine. Naomba kurudishiwa pesa."

Hakuna "labda" wala "nadhani", na ombi limetajwa wazi. Usipolitaja, unaweza kupewa vocha.

Kabla ya kufunga mzigo toa prosesa, RAM na hasa SSD ya M.2 (diski ndogo bapa inayochomekwa kwenye bodi yenyewe), ambayo husahaulika chini ya kipoza joto chake ikiwa na data zako zote. Piga picha ya soketi na ya siriali namba, kisha rudisha kifuniko cha plastiki cha soketi; bodi isiyo nacho inaweza kukataliwa. Weka kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, ndani ya boksi lake, ndani ya boksi kubwa lenye sponji pande zote, na utume kwa njia yenye namba ya kufuatilia.

Wakijibu kwamba soketi imeharibiwa na mteja, waombe picha waliyopiga wao, yenye siriali namba, uilinganishe na yako pini kwa pini. Kama ulilipa kwa kadi na wamekataa bila ushahidi, peleka picha, risiti na barua zote benki uombe malipo yarejeshwe.