Pipe za fremu ya nyumba: zipime kwa mizani kabla hujalipa

Kama unajenga kwa fremu ya chuma, usiamini unene ulioandikwa kwenye risiti. Pipe ya milimita 100 kwa 50, urefu mita 6, yenye unene kamili wa milimita 2, ina uzito wa karibu kilo 27. Ikiwa ni ya milimita 1.5, mizani itasoma kama 20 na ushee. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, hasa zikishapakwa rangi nyekundu. Mimi niliwahi kubeba 14 za "milimita 2" nikiwa nachekelea bei. Fundi alipoanza kuchomelea, arki, yaani moto wa umeme wa kuchomelea, ikawa inatoboa matundu tu. Siku hizi naingia dukani na venia mfukoni, kile kifaa cha kupimia unene. Napima ukutani mwa pipe, mbali na mshono, maana kwenye mshono panadanganya.

Jambo la pili, kwa tulio karibu na bahari. Hata ukinunua pipe zilizopakwa zinki ya kuzuia kutu, pale zinapochomelewa zinki yote inaungua, na kutu huanzia hapohapo. Gonga magamba ya welding, piga brashi ya waya hadi chuma king'ae, halafu paka rangi yenye zinki siku hiyohiyo, usingoje kesho. Vichwa vya nguzo vizibwe kwa kipande cha bati nene kilichochomelewa kuzunguka kote. Mvua ikiingia ndani ya pipe, chuma kitaliwa na kutu kutokea ndani na hutaona kitu mpaka nguzo ibonyee kwa kidole.