Namna ya Kuishukuru Nyumba Uliyonayo na Starehe Zake za Kila Siku

Mtu aliyehamia nyumba mpya hukijua kila kilichomo kwa majuma machache ya kwanza: huusikia mlio wa kitasa, huona jinsi mwanga wa dirishani unavyosogea ukutani, na hufurahi kila anapofungua bomba na maji yakatoka. Baada ya muda mambo hayo yote hutoweka machoni pake, ingawa hakuna hata moja lililoondolewa. Wanasaikolojia Philip Brickman na Donald Campbell walilijadili jambo hili mwaka 1971, wakaeleza kwamba binadamu huizoea hali yake, iwe njema au mbaya, na furaha yake ikaelekea kurudi karibu na pale ilipokuwa. Kwa sababu hiyo, kumhimiza mtu ashukuru hakumfikishi mbali. Anayetaka kweli kuishukuru nyumba yake ana kazi ya kufanya, nayo ni kuyavunja mazoea kwa makusudi.

Anza na kitu kimoja, tena kidogo. Kusema "nashukuru kwa kuwa na nyumba" ni kauli ya kweli, lakini ni pana mno kiasi kwamba moyo hauna pa kuishikia. Chagua komeo la mlango, kwa mfano, na usiku unapolisukuma likaingia mahali pake, simama kidogo ufikirie linachokufanyia: unaweza kulala usingizi mzito, ukaacha fedha mezani na kuwaacha watoto chumba cha pili, bila kukesha ukisikiliza hatua za watu nje. Juma linalofuata chagua shuka, swichi ya taa, au mlango wa choo unaofungika kwa ndani. Huo wa mwisho hautajwi sana katika mazungumzo ya shukrani, na kwa maoni yangu unastahili kutajwa mapema kuliko sebule, kwa maana faragha ni starehe ambayo aliyeikosa haisahau.

Ukishakichagua kitu, fuata njia kilichopitia hadi kukufikia. Chukua maji. Kabla hayajaingia kwenye glasi yako yalitekwa mtoni, bwawani au chini ya ardhi, yakatuama ili tope lishuke, yakachujwa, yakatiwa dawa ya kuua vijidudu, yakasukumwa kwa pampu na kupita kwenye mabomba ambayo mtu fulani aliyachimbia mtaro. Kila hatua ina watu wake, na baadhi yao wako kazini usiku wa manane. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikadiria kwamba mwaka 2022 watu wapatao bilioni 2.2 hawakuwa na huduma ya maji ya kunywa iliyo salama na ya uhakika, kwa hiyo bomba la ndani si jambo la kuchukuliwa kuwa lipo tu kama jua na mwezi.

Hapa ndipo penye zoezi ninalolipendekeza kuliko mengine yote. Kwa siku moja nzima, funga mabomba ya nyumbani isipokuwa moja, ikiwezekana lililo mbali zaidi na jiko, na kila tone utakalolitumia lipitie kwenye ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa takriban kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Ibebe kwa mikono yako hadi jikoni, kisha bafuni, na uandike pembeni kila inapokwisha. Mabomba mengi ya mvua hutoa kati ya lita 8 na 12 kwa dakika, maana yake ni kwamba kuoga kwa dakika 10 kunaweza kumaliza ndoo nne hadi sita, kabla hujaosha chombo wala kufua nguo. Jioni mabega yatakuwa yamejifunza jambo ambalo maelezo hayawezi kulifundisha. Asubuhi ya pili, unapofungua bomba lililo karibu, utayaona maji yale kama mara ya kwanza, na ni wakati huo unaopaswa kutulia kwa dakika moja badala ya kukimbilia shughuli. Zoezi hili halimfai mgonjwa, mjamzito wala mzee. Mtu wa namna hiyo na azime taa zote kwa saa mbili za jioni, atapata funzo la jamii hiyo hiyo.

Kuna njia nyepesi zaidi, ya kukiondoa kitu kwa mawazo tu. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Minkyung Koo walionyesha kwamba watu walioandika jinsi ambavyo wangeweza kutokutana kamwe na wenzi wao waliridhika zaidi na uhusiano wao kuliko wale walioandika jinsi walivyokutana. Unaweza kuielekeza njia hiyo kwenye nyumba: andika ni mambo gani yalibidi yaende sawa hata ukapata pa kuishi, nani alikudokeza kwamba chumba kiko wazi, nani alikukopesha kodi ya mwanzo, na ungelala wapi kama mmojawapo angekataa.

Kuhusu daftari la shukrani, ushauri wangu ni mfupi. Katika utafiti wa Robert Emmons na Michael McCullough uliochapishwa mwaka 2003, kundi moja liliandika mara moja kwa juma, kwa majuma 10, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, na likayaona maisha yake kwa jicho jema zaidi kuliko kundi lililoandika kero. Mara moja kwa juma inatosha, kwani anayeandika kila siku huishia kunakili orodha ya jana.

Shukrani isiyofika mikononi hupoa haraka. Kaza bawaba inayolegea, anika godoro juani, safisha mfereji wa paa kabla ya mvua. Kisha washukuru watu kwa tendo mahususi: anayepika aambiwe ni chakula kipi kilikupendeza, anayefagia aambiwe kwamba umeona. Mkaribishe pia mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mojawapo ya nafuu hizo ni kwamba mwenyeji hulazimika kuitazama nyumba yake kwa macho ya mtu mwingine. Kiti ambacho amekuwa akikiona chakavu humpumzisha msafiri, na msafiri hulala fofofo kwenye mkeka ambao mwenye nyumba alikuwa akiomba radhi juu yake.

Jambo ambalo sikubaliani nalo ni kuijenga shukrani juu ya dhiki ya wengine. Ukijifariji kwamba kuna walio chini yako, kesho utapita penye nyumba ya ghorofa na faraja yote itayeyuka, kwa kuwa mizani uliyoitumia ni ile ile. Usiache mbachao kwa msala upitao, wala usiuthamini mbachao kwa sababu tu jirani hana chochote cha kukalia.

Shukrani vilevile isitumiwe kumnyamazisha mtu. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 25, linaitaja nyumba pamoja na chakula, mavazi na matibabu kuwa sehemu ya haki ya kila mtu ya kuishi maisha yanayofaa. Mpangaji anaweza kukishukuru chumba chake na papo hapo akadai paa lisivuje. Jioni ile ile unapolijaza daftari, andika pia barua kwa mwenye nyumba, ueleze maji yanapenya upande gani na tangu lini, uweke tarehe na ubaki na nakala.