Kabla hujaenda kukata majani, jua ng'ombe wako atakula kiasi gani

Kwa miaka mingi hapa Marangu nilihesabu chakula cha ng'ombe kwa mizigo: miwili asubuhi, mmoja jioni. Kiangazi kimoja majani yaliadimika, nikajazia migomba mpaka hori likafurika. Ng'ombe alishiba, lakini maziwa yakashuka kutoka lita 12 hadi 7. Mgomba karibu wote ni maji. Nilikuwa namnywesha, simlishi.

Siku hizi nahesabu chakula kikavu, yaani kile kinachobaki maji yakishatoka. Zungushia utepe wa kupimia ng'ombe kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, usome uzito. Tafuta asilimia 2.5 ya uzito huo, kisha ongeza gramu 100 kwa kila lita ya maziwa ya siku. Wangu ana kilo 400 na anatoa lita 12: kilo 10 na 1.2, jumla 11.2.

Akiwa ndiyo kwanza amezaa, punguza kilo 2 hadi 3 kwenye jumla hiyo kwa wiki 6 za mwanzo. Wakati huo maziwa hupanda upesi kuliko hamu ya kula, na ndipo ng'ombe wengi wanapokonda. Tafadhali, majani yako mororo kuliko yote mwekee huyu.

Sasa ondoa maji. Katakata kilo moja ya majani ya tembo, anika juani kwenye karai mpaka uzito usibadilike tena. Yangu hubaki gramu 180 hivi, masika hupungua. Pumba na mashudu vina maji kidogo, hivyo kilo 4 ni kama 3.5 za kikavu. Toa hizo kwenye 11.2, zinabaki 7.7. Gawa kwa 0.18: kilo 43 za majani mabichi. Mzigo wangu nilipoutundika kwenye mizani ulikuwa kilo 12 tu. Mitatu ni 36!

Haya ni makadirio, hori ndilo litakalokusahihisha. Pima masalio kila asubuhi. Kilo 2 hadi 4 ni sawa; likiwa limelambwa likang'aa, ongeza. Yakizidi, usikimbilie kupunguza. Huenda majani yamekomaa na mashina yanamjaza tumbo mapema, au ni joto, au kiu, maana ng'ombe aliyekosa maji hali. Wangu aliwahi kubakiza kilo 9 siku mbili mfululizo. Kumbe ndoo yake ya maji ilikuwa imepasuka chini.