Somo: Kukusanya picha za enzi ya ukoloni na kuzionyesha darasani

Mwaka 1907 Wizara ya Makoloni ya Uingereza ilimtuma mchoraji A. Hugh Fisher baharini na kamera. Kazi yake ilikuwa kuzunguka makoloni akipiga picha za kugeuzwa slaidi za kioo, ili walimu wazimulike ukutani kwa taa huku wakisoma mhadhara ulioandikwa tayari. Alizunguka hadi 1910: India, Burma, Ceylon, Kanada, Australia na kwingineko. Aliyempa maelekezo ni mwanajiografia Halford Mackinder: apige yaliyo ya asili ya nchi na watu wake, halafu yale yaliyoongezwa na utawala wa Waingereza. Yaani meli haijang'oa nanga, na tayari imeshaamuliwa kitakachoonekana. Mwenyeji na mtumbwi wake huku, reli na daraja kule.

Nimeanza na Fisher kwa sababu picha nyingi tutakazookota zilipigwa na watu waliokuwa na maelekezo ya namna hiyo, ya karatasi au ya kichwani. Tunazihitaji, maana wanafunzi wetu wanasoma ukoloni kwa miaka na wanamaliza shule bila kuuona uso wa mtu mmoja aliyeuishi. Ila tuzikusanye tukijua nani alishika kamera.

Hatua ya 1. Chagua jambo dogo. "Ukoloni Tanganyika" ni bahari. Chukua "kazi ya mkonge Tanga", au "ujenzi wa reli kutoka Mombasa". Kwa kipindi cha dakika 40 picha 15 zinatosha kabisa.

Hatua ya 2. Anzia nyumbani. Albamu za familia, masanduku ya bibi, fremu za sebuleni, makabati ya parokia. Ukimaliza huko, nenda kwenye nyaraka: kwa Zanzibar ziko Kilimani. Kwa Nairobi, Nyaraka za Taifa ziko katika jengo la zamani la benki, Moi Avenue. Mtandaoni kuna hazina tatu ninazozitumia kila muhula. Mkusanyo wa Winterton, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina picha za jumuiya ya kikoloni ya Wajerumani. Na picha za Walther Dobbertin, aliyepiga sana Afrika Mashariki ya Kijerumani kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ziko Wikimedia Commons, zimetolewa na Nyaraka za Shirikisho za Ujerumani, Bundesarchiv. Zitafute kwa namba zinazoanza na "Bild 105-DOA".

Hatua ya 3. Geuza picha. Mgongo wa picha una habari kuliko uso wake: muhuri wa studio, tarehe ya penseli, salamu za mtu. Ukiona jina la Gomes au Coutinho, uko kwenye studio za Wagoa wa Zanzibar. Piga mgongo kwanza, uso baadaye, na faili zote mbili zipewe namba moja. Shika kwa kingo. Usiandike kwa kalamu ya wino, usibandike selotepu, na picha iliyogandana na albamu usiibandue. Ipige hapo hapo ilipo.

Hatua ya 4. Nakili. Kwa skana, nukta 600 kwa inchi, uhifadhi kama TIFF, kisha utoe JPEG ya kuonyeshea. Slaidi ya kioo inataka utulivu. Ya Kiingereza ni mraba wa inchi tatu na robo, vioo viwili vimebanwa pamoja na kufungwa ukingoni kwa utepe mweusi wa karatasi. Washa tableti, fungua ukurasa mweupe mtupu, tandika karatasi nyepesi ya kuchorea ramani, kisha inua kioo kidogo juu yake kwa vipande viwili vya mbao. Usipokiinua, vinukta vya skrini vitaingia kwenye picha. Zima taa ya chumba, funga mapazia, piga kutoka juu. Halafu hakiki upande: slaidi nyingi za Kiingereza zina madoa mawili meupe, na ukiitazama picha ikiwa sawa, madoa hayo yako juu. Bila hivyo utaonyesha mji mzima kinyume. Kibao cha duka kikisomeka nyuma mbele, umeshakosea.

Hatua ya 5. Tafuta tarehe ndani ya picha. Mfano ninaoupenda ni ufukwe wa Forodhani. Ukiona mnara mzima umesimama peke yake mbele ya majumba ya Sultani, picha ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Uingereza zilipoupiga mji. Ukiona mnara wa saa umeungana na uso wa Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ni baada ya matengenezo yaliyofuata. Dar es Salaam nako, sanamu ya Askari ikiwemo, huwezi kushuka chini ya 1927.

Hatua ya 6. Peleka picha kwa wazee. Hatua hii isirukwe. Niliwahi kuazimwa albamu yenye picha ya uwanja uliojaa mistari myeupe, na chini yake maandishi ya Kiingereza yanayosema pamba inakaushwa. Nikaionyesha hivyo hivyo kwa miaka miwili. Siku moja nilimpelekea mzee aliyewahi kufanya kazi mashambani kule Muheza. Aliishika karibu na jicho, akacheka taratibu. "Mwalimu, pamba gani hii? Hizi singa. Zimetoka korona, zimeoshwa, zimeanikwa juu ya waya." Singa ni nyuzi za mkonge, na korona ni mashine ya kuyachambua majani yake. Kidole chake kikahamia kwa mtu mwenye fimbo, pembeni. "Huyu nyapara. Hawa wengine manamba." Manamba ni vibarua wa mkataba, na nyapara ni msimamizi wao. Akanieleza habari za kipande, yaani kadi ya kazi, siku zinazohesabiwa moja moja mpaka thelathini zitimie, na siku ambayo nyapara anakataa kuandika kwa sababu mzigo haukutosha. Mpiga picha hakuyaona hayo yote, au hakuyajali. Tangu siku hiyo picha ile ina saa nzima ya somo ndani yake.

Nenda na nakala kubwa ya karatasi, simu inawapa tabu. Uliza swali wazi: "Unaona nini hapa?" Ukimtajia jibu, atakuitikia kwa heshima tu.

Hatua ya 7. Andika maelezo mawili. La kwanza ni la asili, lilivyo, ndani ya alama za kunukuu, na tafsiri yake. La pili ni lenu, na jina la aliyewaeleza kama ameridhia. Hata Bundesarchiv hutahadharisha kwamba maelezo yao ya zamani yameachwa yalivyo na yanaweza kuwa na makosa au upendeleo. Mtu mzima mwenye ndevu akiitwa "boy", wanafunzi walione neno hilo na walijadili.

Hatua ya 8. Onyesha polepole. Dakika mbili za ukimya kwa kila picha, kisha wanafunzi waseme kabla yako. Usiweke mbwembwe za picha kuruka na kuzunguka. Mwaka 1854 Livingstone aliwasha taa yake ya picha kwa mtemi Shinte, kioo kikionyesha Ibrahimu ameinua kisu juu ya mwanawe. Alipokivuta kioo, kisu kikasogea upande wa wanawake, nao wakatimka wakilia "Mama! Mama!". Picha yenyewe ina nguvu, iache itulie.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Mwalimu, Mombasa: Shule yetu haina projekta, na umeme wa kubahatisha. Nifanyeje?*
Chapisha picha sita kwenye karatasi za A3, kila kundi la wanafunzi lipate moja, wabadilishane kila baada ya dakika tano. Kwa picha za reli njia hii inazidi ukuta, mtoto anainama na kuhesabu vibarua mmoja mmoja.

*Mwanachama, Zanzibar: Je, ninaruhusiwa kuzitumia hizi za mtandaoni?*
Soma masharti ya kila picha. Za Dobbertin zina leseni ya CC BY-SA 3.0 ya Ujerumani: taja Bundesarchiv, namba ya picha, jina la mpiga picha na leseni. Ya familia ni ya familia. Omba, na uirudishe na nakala safi ya shukrani.

*Mwalimu, Bukavu: Picha za Kongo za mikono iliyokatwa, niwaonyeshe wanafunzi?*
Wakubwa, ndiyo, kwa maandalizi. Iliyo maarufu aliipiga Alice Seeley Harris, mmisionari, huko Baringa mwaka 1904, na yeye na mumewe waliizungusha Uingereza na Marekani katika mihadhara ya taa dhidi ya utawala wa Mfalme Leopold. Kwa hiyo taa ile ile iliyosifu himaya ilitumika pia kuishitaki. Kabla ya kuiwasha, taja majina: baba ni Nsala, na kilichowekwa mbele yake ni mkono na mguu wa binti yake Boali. Eleza habari ya ugemaji wa mpira msituni na walinzi wa kampuni. Kisha iwashe, ikae kidogo, uizime. Isibaki ukutani wakati unajibu maswali ya mtihani.

*Mwanachama, Dodoma: Na za wanawake waliopigwa bila nguo?*
Mimi siziweki ukutani. Nyingi zilitengenezwa ziuzwe kama kadi za posta, na aliyepigwa hakuulizwa. Ukihitaji kuifundisha biashara ile, onyesha mgongo wa kadi: stempu, anwani ya Ulaya na maneno aliyoandika mnunuzi.

*Mwalimu, Tanga: Mzee akimtambua mtu kwenye picha?*
Simamisha kazi nyingine zote. Andika jina, ukoo, kijiji, na jina la aliyemtambua. Kisha chapisha nakala nzuri na umpelekee ndugu wa marehemu wewe mwenyewe, kabla darasa halijaiona.